FEDHA YA SERIKALI INAKWENDA WAPI?

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa Mangobo, Kisangani, na karani wa mgodi kwa niaba ya wenzake



Tumetakiwa tuseme habari za bajeti ya serikali, yaani makisio ya mapato na matumizi ya nchi kwa mwaka mmoja. Wengine walipopata habari walicheka. Walisema hayo ni mambo ya wakubwa wa Kinshasa, afadhali sisi tuzungumze bei ya mihogo na umeme wa Tshopo. Lakini sisi ni makarani. Kazi yetu kutwa ni daftari: upande mmoja kilichoingia, upande wa pili kilichotoka. Nasi tunawaambia ya kuwa bei ya mihogo na umeme wa Tshopo vimo katika daftari hilo hilo la wakubwa.

Kwanza tuelewane juu ya deni. Kukopa si aibu. Mgodi hukopa ili kununua mashine, na mashine hutoa mawe, na mawe hulipa deni. Lakini sisi tumepata kufanya kazi mahali ambapo mkopo ulinunua motokaa za wakubwa, na mwisho wa mwezi tukaambiwa tungoje mshahara. Tulingoja miezi mitatu. Katika daftari mikopo yote miwili huandikwa kwa wino mmoja, kwa hiyo mtu asiyeuliza kilichonunuliwa hawezi kujua tofauti yake.

Basi tutazame daftari la nchi yetu. Mwaka 1949 Wabelgiji walianza Mpango wao wa Miaka Kumi: barabara, hospitali, bandari, mitambo ya umeme. Sehemu kubwa ilikuwa ni fedha ya mkopo. Mtambo wa maporomoko ya Tshopo, ambao mji huu unautegemea hata leo, ni wa miaka ile. Halafu bei ya shaba ikaanguka mwaka 1957 na 1958, mapato yakapungua, lakini madeni hayakupungua. Tarehe 30 Juni 1960 tukapata uhuru, na deni likabaki mezani. Tena siku tatu tu kabla, tarehe 27 Juni, Wabelgiji waliivunja ile Kamati Maalum ya Katanga, na kwa njia hiyo serikali mpya ikapoteza nguvu ya kura ambayo ingekuwa nayo katika Union Minière. Kabla wiki mbili hazijapita, Katanga ikajitenga na kodi ya migodi ikaenda pamoja nayo, mpaka mwezi wa kwanza wa 1963. Serikali iliyonyang'anywa mfuko wake mkubwa, nayo ina askari na makarani wa kulipa, ilifanya nini? Ilichapa noti.

Wazee waliopo hapa wanaukumbuka mwaka 1967 ilipotoka pesa mpya, zaire. Zaire moja ilikuwa dola mbili za Marekani. Watu walijivuna nayo, na walikuwa na haki. Shaba ilipanda bei, na mwanzoni mwa 1974 ilifika juu kuliko wakati wowote uliotangulia. Hapo ndipo mabenki ya Ulaya na Marekani yalipobisha hodi, nao wakubwa wetu hawakuwaacha mlangoni.

Hebu tuangalie kitu kimoja tu, waya wa umeme kutoka Inga mpaka Shaba. Ni waya wa kilometa kama 1,700, uliokwisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya kucheleweshwa sana, na gharama yake yahesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya dola. Umeme wake ni wa namna ambayo haiwezi kuchotwa njiani kwa wepesi. Ndiyo maana vijiji vinaishi chini ya waya ule na usiku vinawasha taa za mafuta. Na Shaba yenyewe ilikuwa na maporomoko yake na mitambo yake tangu zamani! Wako walioandika kwamba Mobutu alitaka swichi ya migodi ikae karibu na Kinshasa, ili Katanga isijitenge tena. Sisi hatukuwamo katika baraza lake. Tunaloona ni kwamba deni la waya ule lilikuwa la Wakongo wote, na watu wa mji huu, wenye maporomoko mlangoni pao, wakabaki na mtambo wa siku za Wabelgiji.

Mwezi wa kumi mwaka ule wa 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi Kinshasa, kila mmoja akaahidiwa dola milioni 5. Dunia nzima ilitusifu. Wakati huo huo bei ya shaba ilikuwa imekwisha kuanza kushuka, na mwaka 1975 ilikuwa chini ya nusu ya kilele chake. Nchi ikashindwa kulipa madeni yake. Tangu hapo ikawa ni kukopa ili kulipa mkopo, na palipokosekana mkopeshaji, mashine ya noti ikafanya kazi.

Mwisho wake mnaujua. Mwezi wa kwanza wa 1993 askari walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5, wafanyabiashara wakazikataa, na Kinshasa ikaporwa. Mwezi wa kumi zaire milioni 3 zikabadilishwa kwa zaire mpya moja. Ndugu, fanyeni hesabu pamoja nasi. Mwaka 1967 mtu mwenye zaire milioni 3 alikuwa na dola milioni 6. Mwaka 1993 alipewa noti moja. Hakuna aliyekuja nyumbani kwake na bunduki. Upungufu wa serikali ulilipwa na akiba ya mwalimu, ya mnesi, ya mjane aliyeficha pesa chini ya godoro.

Tangu miaka ile wazazi ndio waliolipa walimu. Nasi tulisoma hivyo kwa misheni, na baba alipokosa fedha tulirudishwa nyumbani. Mwezi wa tisa wa 2019 shule za msingi za serikali zikawa bure. Tunalisifu jambo hilo bila kusita. Lakini wako walimu wanaosimama mbele ya watoto wakiwa bado hawajaingizwa katika orodha ya mshahara, na wenye njaa hawafundishi vizuri.

Mwaka 2010 madeni ya zamani, zaidi ya dola miliari 12, yalifutwa kwa sehemu kubwa. Sasa tunakopa tena, hata hapa nyumbani, kwa hati za hazina. Bajeti ya 2025 ilipita miliari 50,000 za faranga. Kisha Goma ikatekwa mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, ushuru wa kule ukapotea, mishahara ya askari ikaongezwa, na bajeti ikabidi iandikwe upya. Hatusemi askari asilipwe, la hasha. Tunauliza ni nani anayepunguziwa ili askari alipwe. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, yasema majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa. Majimbo hayajawahi kupata 40 hizo kamili. Fedha ikipungua Kinshasa, Tshopo ndiyo inayoambiwa ingoje.

Tena kuna fedha isiyo ya kodi wala ya mkopo. Sisi tulikuwa watoto mwezi wa sita wa 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana katika mji huu siku sita. Tulilala sakafuni. Mamia ya watu waliuawa. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ya dunia iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa mabaya iliyoyatenda katika Kongo: 225 kwa ajili ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa utajiri wa ardhi. Kila mwaka milioni 65. Fedha ikaanza kuja. Na tarehe 2 Septemba 2025 aliyekuwa waziri wa haki alihukumiwa miaka mitatu ya kazi ngumu kwa ajili ya dola kama milioni 19 za mfuko huo, zilizotolewa ili kujenga gereza hapa Kisangani. Ni kweli gereza letu ni bovu. Lakini fedha ile ilikuwa na wenyewe, na wengine wao wameketi humu ndani, na mmoja ana mguu mmoja.

Bunge huanza kikao cha bajeti mwezi wa tisa kila mwaka. Tumewaandikia wabunge wetu wa Kisangani waje hapa Mangobo kabla hawajapanda ndege Bangoka, watusomee namba mbili tu: kiasi jimbo letu lilichoandikiwa mwaka uliopita, na kiasi lilichopokea. Sisi tutaleta daftari na kalamu. Mama wa soko wamesema wataleta risiti zao zote za kodi, na wameanza kuzishona kwa uzi.