Kuchochea Ubongo kwa Umeme Dhidi ya Maumivu Sugu ya Kiharusi: Nafuu Ipimwe Vipi?

Utangulizi

Mada hii inawahusu wagonjwa walionusurika na kiharusi lakini wakaachiwa maumivu yasiyoisha. Shuka likigusa mkono, huhisi moto. Maji ya baridi huwachoma. Mkono wenyewe hauna jeraha. Kilichoharibika ni njia ya hisia ndani ya ubongo, na ndiyo maana parasetamoli mara nyingi haifui dafu.

Chanzo

Mwaka 1906, mjini Paris, Jules Dejerine na Gustave Roussy waliieleza hali hii na kuihusisha na thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachopokea taarifa za hisia kutoka mwilini. Leo inajulikana kwamba jeraha popote kwenye njia hiyo, hata kwenye shina la ubongo, laweza kuleta maumivu hayo. Kwa kawaida huanza wiki au miezi kadhaa baadaye, familia ikidhani kwamba mabaya yamekwisha. Dawa ya amitriptilini huwasaidia baadhi tu.

Njia tatu

Kwanza, mwaka 1991, Takashi Tsubokawa na wenzake jijini Tokyo waliripoti kwamba walipoweka elektrodi juu ya gamba la ubongo linaloamuru misuli, maumivu ya thalamasi yalipungua. Jambo hilo lilishangaza: eneo la mwendo lilikuwa linatuliza hisia.

Njia ya pili haihitaji kisu. Inatokana na mashine ya sumaku aliyoionyesha Anthony Barker mjini Sheffield mwaka 1985. Koili huwekwa kichwani, upande ulio kinyume na ule unaouma, na aghalabu hutoa mipigo 10 kwa sekunde. Nafuu yake hufifia, hivyo tiba hurudiwa. Mwenye chuma kichwani au historia ya kifafa lazima achunguzwe kwanza.

Njia ya tatu huzamisha elektrodi ndani kabisa ya ubongo. Jaribio la Cleveland Clinic nchini Marekani, lililochapishwa mwaka 2017, liliwahusisha wagonjwa 10 na kulenga mitandao ya hisia za moyoni: huzuni, hofu, kukata tamaa. Kwa kipimo kikuu, yaani ulemavu utokanao na maumivu kupungua kwa nusu, jaribio lilishindwa. Lakini vipimo vya upande wa hisia za moyoni vilionyesha nafuu.

Kuhusu kupima maumivu yenyewe, mwaka 2023 Prasad Shirvalkar na wenzake wa San Francisco walirekodi ishara za ubongo za watu wanne kwa miezi kadhaa. Watatu walikuwa na maumivu ya kiharusi. Ishara za sehemu ya mbele, juu ya macho, ziliweza kubashiri ukali wa maumivu ya kila mmoja.

Hoja za kujadiliwa

1. Mgonjwa anayesema maumivu bado ni 8 kati ya 10, lakini sasa analala na kula na wenzake, je, ahesabiwe amepata nafuu?

2. Kabla ya kufikiria upasuaji, kliniki za kiharusi ziwaulize wagonjwa kuhusu kuungua na ganzi katika kila miadi ya miezi ya mwanzo.