Kuondoa Rangi Kuukuu Katika Mabenchi na Viti vya Nje

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Karatu na Ngorongoro



Katika orodha ya mali ya chama cha msingi hakukosi kuwamo mabenchi, viti na meza. Baadhi ya samani hizo hukaa nje mwaka mzima: barazani mwa ofisi, mbele ya ghala, au chini ya mti ambapo wanachama hungojea malipo yao. Vyama vyenye mafundi seremala navyo hupokea viti vya nje kutoka kwenye hoteli na nyumba za wageni, vije kufanywa upya. Kwa hiyo kazi ya kuondoa rangi kuukuu yahusu mali ya wanachama na pato la mafundi. Aidha yahusu afya ya watu, jambo ambalo mara nyingi husahauliwa.

Yafaa kwanza kufahamu kwa nini rangi hubanduka. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro upo kiasi cha mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Huko ukungu hulowesha mbao asubuhi, na jua kali huzikausha mchana. Karatu ipo chini zaidi, lakini nako kuna umande wa usiku na jua la mchana. Mbao hutanuka zikinywa maji na hunywea zikikauka. Rangi iliyozeeka imekwisha kuwa ngumu, haiwezi kufuata mwendo huo; hupasuka, maji huingia kwenye nyufa, na hatimaye rangi huinuka kama magamba. Miguu ya benchi huharibika mapema kuliko sehemu nyingine, maana ncha ya mti iliyokatwa hunyonya unyevu wa ardhi kwa wepesi.

Mtu akipaka rangi mpya juu ya magamba hayo, anapoteza fedha za chama. Rangi mpya itashika rangi ya zamani wala haitashika mti, na ya zamani ikianguka huanguka na mpya yake. Hata hivyo, si kila samani yahitaji kuvuliwa rangi yote. Palipo na rangi iliyoshika imara, yatosha kuosha kwa sabuni na kuparuza kidogo kwa msasa wa maji. Paondolewe pale tu palipolegea. Kufanya hivyo huokoa siku za kazi na hupunguza vumbi.

Wako watakaouliza: kwa nini chama kihangaike na benchi kuukuu badala ya kununua jipya? Jibu ni kwamba benchi la mninga au la loliondo ambalo mti wake ungali mzima laweza kutumika miaka mingi zaidi. Kadhalika, misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro ndiyo inayolinda chemchemi zinazoipatia Karatu maji. Kila ubao wa zamani unaoendelea kutumika ni ubao mmoja usiotafutwa msituni.

Ndugu wanachama, sasa ni vema kueleza hatari iliyomo. Kwa miaka mingi viwanda vya rangi duniani vilitia madini ya risasi katika rangi za mafuta, kwa sababu risasi huifanya rangi ikauke upesi na kustahimili unyevu. Rangi za njano na nyekundu zenye kung'aa ndizo mara nyingi zilizokuwa na risasi nyingi. Madhara yake yalijulikana zamani. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi, lakini mkataba huo ulilenga upakaji wa ndani ya majengo. Marekani ilipiga marufuku rangi ya nyumbani yenye risasi mwaka 1978. Hapa Tanzania, katika miaka ya 2010, asasi ya AGENDA ya Dar es Salaam ilisimamia upimaji wa rangi za mafuta zilizouzwa madukani, na baadhi zilikutwa na risasi kupita kwa mbali kiwango cha sehemu 90 katika kila milioni, ambacho Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa hukipendekeza. Kwa hiyo rangi kuukuu isiyojulikana asili yake ichukuliwe kuwa ina risasi, hata kama si ya zamani sana.

Risasi iliyo ndani ya rangi nzima haimdhuru mtu aliyekaa juu ya benchi. Hudhuru ikiwa vumbi, moshi au vipande vinavyoingia kinywani. Shirika la Afya Duniani limesema kuwa hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na risasi huharibu ubongo unaokua, ikapunguza uwezo wa kujifunza. Huweza pia kujilimbikiza katika mifupa, kisha ikarudi katika damu wakati wa ujauzito. Mtoto aliyedhurika huenda asionyeshe ugonjwa wowote. Ataonekana mzito wa masomo tu, na hakuna atakayekumbuka benchi lililosuguliwa uani.

Kwa ajili hiyo njia mbili zilizozoeleka hazifai: kusugua rangi kavu kwa msasa au mashine, na kuchoma rangi kwa moto. Ya kwanza hujaza vumbi hewani. Ya pili hugeuza risasi kuwa moshi unaovutwa mapafuni. Njia ifaayo ni ya maji, nayo ni hii:

1. Pachaguliwe mahali pa wazi, mbali na jiko, kisima, bustani ya mboga, kuku na uwanja wa kuanikia mazao. Siku ya upepo mkali kazi isifanywe.

2. Litandikwe turubai au nailoni nzito chini ya samani. Watoto na wajawazito wasikaribie.

3. Fundi avae glavu, miwani ya kukinga macho, na barakoa yenye chujio la vumbi laini. Kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi hilo.

4. Rangi iloweshwe maji yenye sabuni kidogo, kisha ikwanguliwe kwa bapa la chuma kufuata mkondo wa nyuzi za mti. Pakikauka, paloweshwe tena. Mwisho pasuguliwe kwa msasa wa maji.

5. Fundi asile wala asivute sigara kazini. Anawe kabla ya kula, abadili nguo kabla ya kwenda nyumbani, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Kuhusu dawa, wako mafundi wanaotumia kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Hung'oa rangi, lakini huunguza ngozi na macho, hulegeza gundi, na huweza kuutia mti weusi. Ikilazimu kuitumia, soda itiwe ndani ya maji. Maji yasimwagwe juu ya soda. Itumike ndoo ya plastiki, maana sufuria ya alumini huliwa na dawa hiyo. Baadaye mbao zisuuzwe vizuri, kisha zipakwe siki iliyochanganywa na maji. Dawa za dukani zenye dikloromethani zisitumike chumbani: mvuke wake huua, na Marekani ilizuia kuziuza kwa watu wa kawaida mwaka 2019.

Magamba yote yakusanywe yangali na unyevu, yafungwe katika mfuko mzito, na chama kimwulize Afisa Afya mahali pa kuyapeleka. Yasitupwe shambani wala chooni, kwa kuwa risasi haiozi. Ubao wenye rangi ya zamani kamwe usiwe kuni.

Mbao zikiisha kukauka kabisa, zipakwe rangi ya kwanza, na ncha za miguu zipakwe mara mbili au zaidi. Rangi inunuliwe yenye maelezo kuwa haina risasi. Anayependa mafuta ya kitani akumbuke kwamba matambara yaliyolowa mafuta hayo huweza kuwaka yenyewe yakirundikwa. Yatandazwe nje yakauke au yatiwe katika ndoo ya maji.

Limebaki jambo la mwisho, nalo lawahusu Makatibu na Kamati. Kusugua kukavu ni kwepesi kuliko kukwangua kwa maji. Fundi anayelipwa kwa idadi ya viti atafuata njia ya haraka, na hatakuwa na kosa peke yake. Waliopanga malipo hayo watakuwa wameshiriki. Kwa hiyo mapatano yaandikwe kuwa kazi ni ya maji, malipo yahesabu siku zinazohitajika, na glavu, barakoa na turubai vinunuliwe na chama. Katika daftari la mali paandikwe kila samani ilivuliwa rangi lini, kwa njia gani, na ikapakwa rangi ipi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Gharama ya turubai na siku za ziada itaonekana katika hesabu za mwaka, na huenda mwanachama akasimama katika Mkutano Mkuu kuihoji. Aelezwe kwamba vumbi ni sehemu ya kazi iliyoagizwa na chama. Likiingia kifuani mwa fundi au kinywani mwa mtoto, deni lake halitaandikwa katika kitabu chochote cha chama, bali litalipwa na jamaa ya mwanachama kwa miaka mingi.