Nyaya Zikikatika, Kaaleng Itaitaje?

Maelezo yaliyotolewa kuhusu kukatika kwa nyaya za EASSy na Seacom chini ya bahari, tarehe 12 Mei 2024, yalihusu kasi ya intaneti Nairobi na Mombasa, wala hayakugusa swali la jinsi wakazi wa mpakani, kama wale wa Kaaleng katika kaunti ya Turkana, watakavyoita msaada siku ambayo mawasiliano yote yatazimika. Kaskazini imesahauliwa tena.

Hofu yetu ni kwamba mipango ya dharura imeegemezwa kwenye simu ya mkononi peke yake, wakati ambapo laga, yaani mito ya msimu, zikifurika kati ya Lodwar na Lokitaung, gari halipiti, na mnara wa simu ukizimika, Kaaleng haisikiki. Kaaleng haisikiki, na kaskazini imesahauliwa.

Ipo njia isiyohitaji mnara, nayo ni redio na msimbo wa Morse. Msimbo huu, yaani utaratibu wa kuwakilisha herufi kwa milio mifupi na mirefu, hudhaniwa na wengi kuwa ulikufa pale mfumo mpya wa dharura za baharini ulipouondoa rasmi tarehe 1 Februari 1999, lakini majeshi ya Urusi yangali yanautumia, na Marekani ingali inawafundisha baadhi ya wanajeshi wake. Sababu yake ni ya kifizikia. Sauti ya mtu katika redio ya mawimbi mafupi huhitaji upana wa masafa wa takriban hezi 2,700, ilhali Morse hutosheka na takriban hezi 150, kwa hiyo nguvu ya mtambo hukusanyika mahali pembamba, na sikio lililozoea huunasa mlio hata pale maneno yalipokwisha kuzama katika mikwaruzo. Redio ya wati 5, betri ya pikipiki na waya uliotundikwa baina ya migunga miwili vyaweza, anga ikikubali, kufikisha ujumbe Lodwar bila mnara wowote.

Ni kweli kwamba kujifunza huchukua miezi, na kwamba asiyefumba maneno yake husikika na kila mtu. Hayo si ya kumzuia mwenye kuomba daktari.

Basi serikali ya kaunti na iamke! Wanachama wa Amateur Radio Society of Kenya waalikwe Lodwar, askari wa akiba na wauguzi wafunzwe, vijana wa Kakuma wasiachwe nje. Lokitaung ipate redio yake na mtu wa kuipiga, Kibish ipate yake, na Kaaleng ipate yake, mwaka huu!