Utani wa Jadi na Matangazo ya Biashara
Utani, yaani uhusiano wa jadi unaoruhusu makabila mawili kukejeliana bila kukasirikiana, hata mtani akajilaza kaburini kuzuia maziko mpaka apewe chochote, ni jambo la kila siku katika maeneo kama Kabuku, mkoani Tanga, ambako mashamba ya mkonge yalikusanya vibarua kutoka pande nyingi za nchi. Mwaka 2013 bia ya Kilimanjaro iliugeuza utani huo kuwa mtaji kwa kampeni ya Nani Mtani Jembe, iliyofikia kilele klabu ya soka ya Simba ilipoifunga Yanga, mtani wake wa jadi, mabao 3-1. Kampeni hiyo ilichekesha kwa kuwa kila upande uliweza kujibu, kama Waingereza na Wafaransa wanavyojibizana. Lakini tangazo linaloigiza lafudhi ya kibarua asiye na pa kujibia ni dharau, na halistahili kurushwa hewani.