Picha Nzito Katika Tovuti: Anayelipa Ni Nani?



Mara kwa mara tunaulizwa: kwa nini kifurushi cha data huisha upesi ilhali mtu hakutazama video wala kusikiliza muziki, bali alifungua tovuti chache tu? Leo tungependa kueleza sababu moja ambayo aghalabu haionekani kwa macho, nayo ni uzito wa picha.

Mnapofungua ukurasa wa tovuti, simu huiomba seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti hiyo, iitumie picha zilizomo. Mwenye tovuti ndiye anayeamua uzito wa picha hizo, lakini data inayozipokea hukatwa katika kifurushi chenu.

Picha iliyopigwa kwa simu ya kisasa huweza kufikia megabaiti 3 au zaidi. Ikiwekwa katika tovuti kama ilivyo, kisha ikaonyeshwa kwa ukubwa wa kidole gumba, jicho litaona picha ndogo, lakini simu itakuwa imepokea faili zima. Haba na haba hujaza kibaba. Chukulieni duka la mtandaoni lenye picha 20 katika ukurasa mmoja. Kila picha ikiwa na megabaiti 3, ukurasa huo utakula megabaiti 60, na kifurushi cha megabaiti 500 hakitavuka kurasa 8 za namna hiyo. Picha zizo hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 100 kila moja, ukurasa utakula megabaiti 2 hivi, na kifurushi kitatosha kurasa 250. Kwa mzazi mwenye salio dogo, anayetafuta fomu ya shule siku ya mwisho, hiyo ndiyo tofauti ya kupata na kukosa.

Tovuti iliyotengenezwa vyema huzingatia mambo manne. Kwanza, seva hutunza kila picha kwa vipimo kadhaa, ili simu ipewe ndogo na kompyuta ipewe kubwa. Pili, picha hubanwa ipasavyo. Muundo wa WebP, uliotangazwa na Google mwaka 2010, kwa kawaida hutoa faili dogo kuliko JPEG kwa ubora unaokaribiana. Tatu, seva huieleza simu ihifadhi nakala ya picha kwa muda maalumu, ili mkirudi kesho isitumwe upya. Nne, picha zilizo chini ya ukurasa hazitumwi mpaka msomaji azikaribie.

Nanyi mnaweza kujilinda. Tazameni matumizi ya data katika mipangilio ya simu, mjue ni programu ipi inayokula zaidi. Msifute hifadhi ya muda ya kivinjari kila siku bila sababu, kwani mkiifuta, picha zote zitapakuliwa tena. Vipo pia vivinjari, kama Opera Mini, vinavyoweza kupunguza uzito wa picha katika seva zao kabla hazijafika kwenye simu. Hata hivyo, kwa kuwa kurasa hupitia kwa mtu wa kati, tunawashauri msitumie njia hiyo kwa mambo ya benki.

Mfanyabiashara anayemlipa fundi amtengenezee tovuti naye ni mtumiaji mwenye haki. Mambo manne tuliyoyataja yaandikwe katika makubaliano. Kabla ya kumalizia malipo, fungueni tovuti hiyo kwa simu na kulinganisha matumizi ya data kabla na baada.

Mkikuta tovuti ya huduma muhimu inakula data kupita kiasi, mwandikieni mwenye tovuti. Tajeni ukurasa, tarehe na megabaiti zilizotumika. Lalamiko lenye takwimu ni vigumu kupuuzwa.