HAKI KATIKA MASHINDANO YA KARATA

Haya ndiyo maneno ya hotuba juu ya sheria za mchezo wa karata, na uaminifu uwapasao wachezaji wanapokutana katika mashindano.



Katika baraza za pwani, tangu Lamu hata Unguja, mchezo wa karata ni wa zamani. Majina ya karata yenyewe yaonyesha jambo hilo, kwa kuwa kopa, uru, shupaza na pau, pamoja na neno turufu, yametoka katika lugha ya Wareno. Katika mchezo uitwao wahedi wa sitini, ree huhesabiwa 11, seti 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3, na mzungu wa pili 2. Hesabu ya kila aina ni 30, na ya aina zote nne ni 120. Basi apataye 61 amekwisha kupita nusu, wala mpinzani wake hawezi kumfikia tena. Hapana haja ya kugombana. Hesabu yenyewe ndiyo hakimu.

Lakini watu wa baraza moja wajuana. Mwenye kuchungulia karata za jirani huchekwa, na kesho yake hapewi nafasi mkekani. Katika mashindano mambo ni mengine. Mtu huketi mbele ya wageni asiowajua, nao hawamjui, na kikombe kimewekwa mezani kikimngoja mshindi. Hapo desturi ya baraza haitoshi. Hapana budi pawe na sheria zilizoandikwa, na msimamizi wa kuzitimiza.

Mfano mzuri ni mchezo wa briji, ambao huchezwa katika mashindano ya mataifa mengi. Namna yake ya siku hizi ilitengenezwa na Mmarekani, Harold Vanderbilt, katika mwaka 1925, alipokuwa safarini baharini. Wachezaji ni wanne, wawili wawili, na kila mmoja hukabiliana na mwenzi wake. Karata zote 52 hugawanywa, kila mtu apate 13. Kwanza hunadi kama watu wa mnadani, kila upande ukitaja mizunguko utakayoahidi kula na aina itakayokuwa turufu. Kisha huanza kucheza. Mmoja hutoa karata, nao wengine hawana budi kutoa karata ya aina ile ile kama wanayo. Asiyekuwa nayo aweza kukata kwa turufu, au kutupa karata nyingine yoyote.

Mtu aweza kuuliza, Je, mashindano yatakuwaje ya haki, hali mmoja hupata karata njema na mwingine hupata mbaya? Shauri lilipatikana zamani. Karata za kila mchezaji hutiwa katika kibao chenye mifuko minne, na kibao hicho hupitishwa meza baada ya meza, ili watu wengi wacheze karata zile zile. Mwishoni hulinganishwa wale waliopewa karata sawasawa. Basi mwenye karata mbaya aweza kupata ushindi, ikiwa amepoteza kidogo kuliko wenziwe waliopewa karata hizo hizo. Bahati huondolewa sehemu kubwa, na akili hupewa nafasi yake.

Sasa yafaa kuangalia kosa moja ambalo hutokea mara kwa mara. Mchezaji mmoja aona imeongozwa karata ya kopa. Atazama mkononi, aona hana, naye akata kwa turufu. Baadaye kidogo aona kopa moja imejificha nyuma ya uru, kwa kuwa zote mbili ni nyekundu. Moyo wamdunda. Hapana aliyeona. Afanye nini?

Ikiwa yeye na mwenzi wake bado hawajatoa karata katika mzunguko unaofuata, sheria yamtaka alisahihishe kosa lake mara moja. Ikiwa wamekwisha kucheza, kosa limethibitika, wala haliwezi kurudishwa nyuma. Hapo aghalabu upande uliokosa hunyang'anywa mzunguko mmoja, au pengine miwili, ukapewa upande wa pili. Na ikiwa hasara waliyopata wapinzani ni kubwa kuliko hiyo, msimamizi ana mamlaka ya kuongeza mpaka haki irudi mahali pake.

Hapa pana jambo la kufikiriwa sana. Sheria za briji hazimlazimishi mtu kutangaza kosa lake lililokwisha thibitika. Lakini zamkataza kabisa kulificha kwa kusudi, kama vile kukosa mara ya pili ili kuifunika mara ya kwanza. Basi kati ya yale ambayo sheria inaamuru na yale ambayo sheria inakataza, pamebaki nafasi ndogo, na nafasi hiyo ameachiwa mchezaji mwenyewe. Asemaye, "Nimekosa, mwiteni msimamizi," hupoteza mzunguko, lakini hupata kitu kisichonunuliwa. Mashindano yajayo, akisema neno, watu watalisadiki.

Tena yafaa kukumbuka kuwa wachezaji hawana ruhusa ya kukata hukumu wenyewe. Kosa likitajwa, huitwa msimamizi, naye husikiliza pande zote mbili. Kumwita si kumtukana mpinzani. Ni sawa na kuleta mizani sokoni, ambayo humlinda mnunuzi na mwuzaji pia. Watu wengi hugombana kwa sababu ya kuona haya kumwita msimamizi mapema, kisha hasira zikaja kusema yale ambayo yeye angaliyasema kwa upole.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuonekana. Katika briji wenzi wawili huruhusiwa kuarifiana kwa njia ya mnada na kwa karata wanazotoa, basi. Hawaruhusiwi kuarifiana kwa sauti, wala kwa uso, wala kwa kukawia. Lakini binadamu si jiwe. Pengine mtu hukawia kwa sababu shauri ni gumu, na kule kukawia humwambia mwenzi wake kuwa ana mashaka. Mchezaji hakutenda dhambi kwa kufikiri. Ila mwenzi wake, akiwa na njia mbili za kufuata, hana ruhusa ya kuchagua ile iliyoonyeshwa na kukawia huko. Yampasa ajifanye kama hakuona. Hii ndiyo sheria ngumu kuliko zote, kwa kuwa yataka mtu ajishindie nafsi yake kabla ya kumshinda mpinzani.

Kosa la tatu ndilo kubwa kupita yote, nalo ni wenzi kupatana alama za siri. Mchezo huo umepata kutikiswa na mambo hayo mara nyingi. Katika mwaka 1965, katika mashindano ya dunia huko Buenos Aires, Waingereza wawili, Terence Reese na Boris Schapiro, walishtakiwa kuwa walionyeshana hesabu ya karata za kopa kwa vidole. Shirikisho la Briji la Dunia liliwaona na hatia. Lakini baraza la uchunguzi la Uingereza, lilipotoa hukumu yake katika mwaka 1966, lilisema ushahidi haukutosha kuondoa mashaka. Mpaka leo watu hubishana juu ya habari hiyo.

Katika mwaka 1975, huko Bermuda, kiliwekwa kiwambo mezani ili mchezaji asimwone mwenzi wake. Lakini kiwambo hicho hakikufika chini, na Waitalia wawili walionekana wakigusana miguu chini ya meza. Walikaripiwa, na baadaye kizuizi kikatiwa chini pia. Kumbe ukuta wa mbao waweza kuzuia macho, na mwingine waweza kuzuia miguu, lakini hapana ukuta uwezao kuzuia nia.

Jambo la kutia moyo zaidi lilitokea katika mwaka 2015. Boye Brogeland wa Norway aliwashtaki hadharani Lotan Fisher na Ron Schwartz wa Israeli, ambao zamani walikuwa wenziwe katika timu moja na waliwahi kushinda pamoja naye. Picha za sinema za michezo yao ziliangaliwa na wachezaji wengi, nao wakatambua alama zilizofanywa kwa namna ya kuweka kile kibao mezani. Katika mwaka 2016 Shirikisho la Briji la Ulaya liliwafungia. Na Brogeland mwenyewe, kwa kuwa alishinda akiwa pamoja nao, alitangaza kuwa yu tayari kuuacha ushindi huo. Hakuwashtaki watu wengine na kubakiza kikombe chake kabatini.

Habari hizi zafundisha mambo mawili. La kwanza, udanganyifu haudumu. Njia ya mwongo ni fupi. La pili, mashtaka yataka ushahidi. Mwenye kunong'ona nyumba kwa nyumba kuwa fulani ni mwizi wa karata, wala hakumwambia msimamizi, naye amevunja haki.

Wanaotaka kufanya mashindano katika klabu au katika baraza zao, kwa mchezo wowote wa karata, yawafaa watengeneze mambo machache kabla ya karata ya kwanza kugawanywa. Sheria zisomwe kwa sauti, kwa maana desturi za Lamu huenda si za Kisumu. Msimamizi achaguliwe ambaye hachezi. Achanganyaye karata asiwe ndiye akataye. Na adhabu ya kila kosa ijulikane mapema, ili isionekane kuwa imetungwa kwa ajili ya mtu fulani.

Mchezo ukiisha, mshindi na aliyeshindwa wapeane mikono. Wahenga walisema, Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kikombe huhifadhiwa na mtu mmoja tu, lakini wote waliocheza kwa haki waweza kurudi kesho kuketi pamoja katika meza ile ile.