Kikomo cha Mizunguko Si Mahali pa Kubadilia Gia

Injini ya gari la mwendo kasi inapoongezewa nguvu, fundi na mwenye gari hukabiliwa na maamuzi mawili ambayo mara nyingi huchanganywa kana kwamba ni jambo moja. La kwanza ni kikomo cha mizunguko, yaani idadi ya juu kabisa ya mizunguko ambayo injini itaruhusiwa kufikia kwa dakika kabla kompyuta yake haijakata mafuta au cheche. La pili ni nukta ya kubadilia gia, yaani pale ambapo gia inayofuata huanza kulisukuma gari kwa nguvu zaidi kuliko ile iliyopo. Kikomo huamuliwa na uimara wa vyuma, ilhali nukta ya kubadilia gia huamuliwa na mwenendo wa nguvu, na anayedhani kwamba kupandisha cha kwanza ndiko kuongeza kasi huweza kuishia na injini iliyopasuka.

Mfano ulio wazi ni Honda S2000, gari la viti viwili lililotoka mwaka 1999 likiwa na injini ya lita 2 isiyo na tabo, ambayo mstari wake mwekundu kwenye dashibodi huanzia mizunguko 9,000. Pistoni ya injini hiyo husafiri milimita 84 kutoka chini hadi juu ya silinda, na kwa kuwa kila mzunguko huipandisha na kuishusha mara moja, kwenye mizunguko 9,000 huenda kwa wastani wa mita 25 kila sekunde, huku ikisimama mara 300 ndani ya sekunde hiyo hiyo ili igeuze mwelekeo. Kugeuka huko ndiko kunakoivuta konrodi, yaani mkono unaoiunganisha pistoni na krenkshafti, na mvuto huo hukua kwa kipeo cha pili cha mizunguko, hata anayepandisha kikomo kwa asilimia 10 tu, kutoka 9,000 hadi 9,900, huiongezea konrodi mzigo wa asilimia 21. Wahandisi wa gari hilo waliiheshimu hesabu hiyo: toleo la lita 2.2 lililoingia Amerika ya Kaskazini kwa modeli ya 2004, ambalo pistoni yake husafiri milimita 90.7, lilishushiwa mstari mwekundu hadi 8,000.

Konrodi madhubuti pekee hazimpi fundi ruhusa ya kupandisha kikomo, kwa sababu springi za valvu zikizidiwa, valvu huchelewa kujifunga na huweza kukutana na pistoni inayopanda. Kikomo salama, kwa hiyo, ni kile cha kifaa kilicho dhaifu kuliko vyote, hata kama vingine vyote ni vipya.

Nukta ya kubadilia gia hufuata hesabu nyingine, ambayo huanza na swali la mahali mshale utakapoangukia baada ya gia kuingia. Katika S2000 za mwanzo, dereva anayetoka gia ya pili kwenye mizunguko 9,000 huangukia takriban 6,500 katika gia ya tatu, juu ya 6,000, ambako injini hiyo huhamia kwenye kamu zake kali. Akibadili mapema, kwenye 7,500, huangukia 5,400, na injini hurudi kwenye kamu za mwendo wa kawaida na kupoteza msukumo. Kwa sababu hiyo kusubiri kuna faida, ingawa nguvu ya injini hiyo hufikia kilele chake karibu na 8,300. Gia zinapokaribiana, faida hiyo hupungua, na nukta ya kubadilia husogea kuelekea kilele chenyewe. Injini ikifungwa tabo ndogo, ambayo hulemewa mapema na haiwezi kupitisha hewa ya kutosha kwenye mizunguko ya juu, kilele hushuka, na kila mzunguko unaoongezwa baada ya hapo huwa kelele na joto tu.

Lipo pia kosa ambalo hakuna kompyuta inayoweza kulizuia. Dereva anayekusudia kutoka gia ya tatu kwenda ya nne hulivuta rungu la gia nyuma, na mkono ukiegemea kushoto kidogo, rungu huingia gia ya pili. Klachi inapoachiwa kwenye mizunguko 9,000, magurudumu huilazimisha injini kuzunguka zaidi ya mara 12,000 kwa dakika, na kukata mafuta hakusaidii kitu, kwa kuwa kinachoizungusha injini wakati huo ni gari lenyewe.

Utaratibu unaofaa, basi, ni kulipima gari kwanza kwenye mashine ya kupimia nguvu ya magurudumu, kuchagua nukta ya kila gia kutokana na mchoro wa nguvu, kisha kuweka kikomo mizunguko michache juu ya nukta hizo, ilimradi kisivuke uwezo wa kifaa kilicho dhaifu. Na pale mchoro unapoonyesha kwamba nguvu huporomoka mapema, kikomo kishushwe bila haya. Kubadili tarakimu kwenye kompyuta ni kazi ya dakika moja, lakini springi za valvu hubaki zile zile zilizofungwa kiwandani.